Tatizo la Twiga Stars ni mechi ya ugenini

Mwandishi mmoja anadai Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya soka ya wanawake, wanahitaji washambuliaji zaidi ili wafuzu WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake. Sikubaliani naye. Turudi mechi za kufuzu za 2023: Ivory Coast walitupiga 2-0 kwao, tukarudisha 2-0 nyumbani, mikwaju ya penalti ikatuvusha. Raundi ya mwisho tukawafunga Togo 3-0 nyumbani Chamazi, kisha kwao Lomé tukalala 2-0. Jumla 3-2! Lile bao la tatu la Chamazi ndilo lililotupeleka fainali za Morocco. Mabao tunayo, tunavuja ugenini.

Sababu ni ratiba. Dirisha la FIFA, yaani kipindi ambacho klabu huwaachia wachezaji waende timu za taifa, ni siku tisa hivi, na humo mnacheza mechi mbili na kusafiri kati yake. Anayetoka klabu ya nje anafika mechi ikiwa mlangoni, anapata mazoezi mawili tu, na la kwanza ni la kulegeza miguu. Mabeki wanne watapangana saa ngapi kwenye kona? Nani anasimama nguzo ya karibu, nani anatoka kuzuia kona fupi? Waliopo ligi ya ndani waitwe kambini mapema, wakariri mipira iliyokufa, yaani kona na faulo; wa nje wakija waingizwe kwenye mpango uliokwisha kukaa. Na ukishinda 3-0 nyumbani, mechi ya marudiano ugenini anza na viungo wakabaji wawili, hata mashabiki wakinuna.