Korongo huyo huyo: Mwea anakaribishwa, Bunyala anategewa sumu

Kuna wanaosema mashamba ya mpunga yamewanyang'anya ndege wa majini makao, na wengine wanasema hapana, ndiyo yanawalisha saa hii. Mimi naona inategemea unaongelea mwezi gani.

Chukua yule korongo mweusi ambaye mdomo wake una mwanya katikati, chakula chake ni konokono. Kule Mwea, skimu ya mpunga wa umwagiliaji huko Kirinyaga, Kenya, tangu 2020 hivi wakulima wanahangaishwa na konokono mgeni wa asili ya Amerika Kusini, anataga mayai ya pinki kwenye mabua na anatafuna miche ikiwa bado michanga, sasa hawa korongo wakajileta wenyewe kwa makundi wakaanza kumla, na mkulima hajalipa kibarua wala hajanunua dawa. Hiyo ni faida kubwa na lazima isemwe.

Lakini jaruba lina maji miezi michache tu, mpunga ukikaribia kuvunwa linakaushwa na chakula kimeisha. Halafu korongo hatagi kwenye mpunga, anataka miti ama matete karibu na maji. Kwa hivyo mtu akiniambia tukifyeka mafunjo ya kinamasi cha Yala, magharibi mwa Kenya, tukalima mpunga ndege watazoea tu, nakataa kabisa.

Na mkulima naye asikilizwe jamani, manake bata bukini wakishuka usiku kwenye mbegu zimemwagwa jana hasara ni yake peke yake, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja ndovu, kiboko na nyati kwenye fidia ya mazao, bata hayumo.

Chenye siwezi kutetea ni ya Bunyala, skimu nyingine ya mpunga kule Busia. Pale korongo huyo huyo wa konokono amekuwa akiuawa kwa Furadan, dawa ya wadudu, hata baada ya mtengenezaji kuanza kuiondoa sokoni Kenya 2009. Wategaji wanaitia ndani ya konokono, wanafunga ndege hai pale awavute wenzake, halafu nyama inauzwa na watu wanakula na watoto wao! Hiyo haina uhusiano na kulinda mpunga, korongo hali mpunga.

Ningependa baadhi ya majaruba yaachiwe maji baada ya mavuno, ndege wapate pa kula kiangazi. Shida ni kwamba maji ya skimu yanagawanywa kwa zamu, na mkulima akimwachia ndege zamu yake lazima kuwe na mtu wa kumlipa.