GDF15: mbiu isiyotaja jambo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, lakini mbiu yenyewe haisemi ni jambo gani. Ndivyo ilivyo GDF15, saitokini (protini ya kupelekeana ishara kati ya seli) ambayo seli huimwaga kwa wingi zinapoelemewa, na ambayo tangu watafiti wa Sydney walipoieleza mwaka 1997 imekuwa ikipimwa katika maradhi mengi. Hupanda moyo unaposhindwa kusukuma damu vizuri, hupanda katika saratani na maradhi ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), na hupanda hata kwa mgonjwa wa kisukari kwa sababu tu anameza metformini, dawa ya kisukari. Mimba nayo huipandisha mno, ilhali mimba si ugonjwa.

Wanaoitetea kama kiashiria wana hoja. Kwa wenye mpapatiko wa atiria, yaani moyo unaopiga bila mpangilio, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, imeingizwa katika hesabu ya kukadiria hatari ya kuvuja damu, na hapo haitakiwi kutaja ugonjwa. Daktari anayetafuta chanzo cha maradhi, hata hivyo, haongozwi popote na namba kubwa peke yake. Isitoshe, lipo badiliko la kijeni lililoenea, liitwalo H202D, ambalo hufanya baadhi ya vipimo visome pungufu, hivyo mgonjwa akaonekana nafuu kuliko alivyo.

Mimi naona uzito uko upande wa tiba. Mwaka 2017 makundi manne ya watafiti yalionyesha kwamba GDF15 hushika kipokezi kiitwacho GFRAL, kilichopo sehemu ya nyuma ya ubongo inayohusika na kichefuchefu na hamu ya kula. Ndipo ilipoeleweka zaidi kwa nini mgonjwa wa saratani huikataa hata sahani aliyokuwa akiipenda, akazidi kukonda mbele ya macho ya wanaomuuguza. Matokeo ya kingamwili ponsegromab, dawa ya kuizuia GDF15, yalitolewa Septemba 2024: wagonjwa 187 wenye saratani ya mapafu, kongosho au utumbo mpana, wote wakiwa na GDF15 ya pikogramu 1,500 au zaidi kwa mililita, walifuatiliwa kwa wiki 12, na waliopata dozi kubwa kabisa waliwazidi uzito wa plasebo (dawa bandia) kwa takriban kilo 2.8. Uzito si uhai, na wiki 12 hazitoshi kuonyesha nani ataishi zaidi. Lakini hapa kipimo kilipata kazi inayokistahili, yaani kumchagua mgonjwa ambaye dawa ina cha kuzuia ndani yake.

Ujauzito unaitia doa hoja ya kutumia kiwango kimoja kwa wote, kama hicho cha pikogramu 1,500. Utafiti wa mwaka 2023, walioushiriki Stephen O'Rahilly wa Cambridge na Marlena Fejzo wa Marekani, ulionyesha kuwa mwanamke aliyekuwa na GDF15 ndogo kabla ya mimba ndiye huelekea kutapika kupita kiasi, ilhali wenye thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao damu yao imezoea kiwango cha juu, huripoti kichefuchefu kidogo. Kinachoumiza, basi, ni mruko kutoka kiwango ambacho mwili umekizoea. Kwa hiyo zipo njia mbili, kuizuia GDF15 au kuuzoesha mwili mapema kiwango chake cha juu. Baada ya talidomaidi, dawa waliyopewa wajawazito kwa kichefuchefu na iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 kwa kulemaza watoto tumboni, siwezi kuunga mkono kumpa mjamzito kingamwili cha kuizuia kabla haijajulikana mimba yenyewe inaitumia protini hii kwa kazi gani. Kuzoesha kabla ya kushika mimba kunastahili kujaribiwa kwanza, na kwa haraka, kwa sababu wanawake wanalazwa wodini kwa kutapika leo hii.