Saladi ya tambi za mboga mbichi: majira wanayo wao, mboga tunazo sisi

Watu wa nchi za baridi wana jambo moja ambalo sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatukukua nalo: wanakula kwa kufuata majira. Kwetu mchana una takriban saa 12, iwe Juni iwe Desemba, na joto halina tarehe ya kuanza. Huku niliko, kaskazini mwa Ulaya, mwezi Juni saa tatu usiku bado kuna mwanga wa kusomea, na watu wanabadilika kabisa. Sufuria nzito zinarudi kabatini na chakula kisichopikwa kinachukua nafasi yake mezani. Katika vyakula hivyo, kilichonikaa moyoni ni saladi ya tambi za mboga mbichi, yaani mboga zilizokatwa nyuzi ndefu kama tambi na kuliwa bila kupikwa, na nina maoni juu yake ambayo nataka wayasikie walioko huku na walioko nyumbani.

La kwanza nawaambia wa huku. Saladi hii inaharibiwa jina na wale wanaoinadi kama dawa ya kupunguza unene. Utasikia kila mahali: acha tambi za ngano, kula hizi, huoni tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa. Zukini, mboga ya jamii ya maboga inayofanana na tango, ni maji kwa takriban asilimia 95 na tango ni hivyo hivyo, kwa hiyo havishibishi kama ngano wala havinyonyi mchuzi mzito. Anayezikalia akitarajia sahani ya tambi za ngano atainuka na njaa yake, na hatazirudia tena. Anayezikalia kama saladi atapata alichokijia. Hata kule kukata nyuzi ndefu kuna maana yake: uzi unashika mchuzi pande zote, karoti ambayo ingechosha meno inatafunika bila shida, na mboga tatu au nne zinapanda pamoja kwenye uma, hivyo kila tonge lina ladha zote.

Sababu ya kuipenda wakati wa kiangazi iko kwenye nyumba zenyewe. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kutunza joto, na kiangazi nacho siku hizi si kile cha zamani. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipita nyuzi joto 40 kwa mara ya kwanza katika rekodi zake. Kuwasha jiko ndani ya nyumba ya namna hiyo ni kujitesa. Nyumbani upepo unapita dirisha hadi dirisha na jua likizidi unahamia kivulini, kwa hiyo joto la jiko halijawahi kutulazimisha tufikirie chakula kingine. Wao limewalazimisha, na wamefanya vizuri.

Lakini mboga! Hapo sikubali kushindwa. Kwa miezi mingi ya mwaka mboga za dukani huku zimetoka mbali au kwenye vibanda vya kioo vya kuoteshea mimea, zimevikwa plastiki, na hakuna wa kumuuliza zilichumwa lini. Kwetu unamuuliza mwenye mboga mwenyewe, na mara nyingi jibu ni jana. Kwa chakula cha kupikwa unaweza kuivumilia mboga ya zamani, maana moto na viungo vinaficha mengi. Mboga mbichi haina pa kujificha. Karoti iliyolala wiki tatu inatafunika kama kijiti, na hakuna ndimu itakayoifufua. Ndiyo maana nasema saladi hii, ingawa nimeijulia huku, ingewafaa zaidi ndugu zangu wa nyumbani.

Zukini nzuri ni ndogo, sentimita 15 hadi 20, ngozi inang'aa na ukucha unaipenya bila nguvu. Ikikomaa, moyo wake unakuwa kama sponji na mbegu zake zinakuwa ngumu; hiyo haifai kwa tambi. Tena inakua upesi mno. Mwenye bustani akisafiri siku chache tu, akirudi anakuta kitu kinene kama mkono wa mtu mzima, na kufikia Agosti majirani wanagawiana kwa mifuko. Pale ndipo kiangazi cha huku kinapofanana na nyumbani, kwa kuwa mboga inatoka shambani hadi jikoni saa hiyo hiyo. Jambo moja la kushika bila mzaha: onja kipande kidogo kabla ya kukata yote. Zukini ikiwa chungu, iteme na uitupe. Uchungu huo unatokana na kemikali za asili ziitwazo kukurbitasini, zinaumiza tumbo vibaya, na hata ukipika haziondoki.

Kuhusu mashine za kuzungushia mboga ili zitoke nyuzi, zinauzwa kwa kila umbo na nyingi zinaishia nyuma ya kabati. Kisu cha kumenyea kinatosha. Laza zukini ubaoni, vuta kisu toka kichwa hadi mkia, upate utepe mwembamba. Geuza kila mara, na ukifika kwenye mbegu simama. Panga tepe tano sita moja juu ya nyingine, kisha zikate kwa urefu kuwa nyuzi. Karoti fanya vivyo hivyo. Tango lipasue kwanza na uondoe mbegu kwa kijiko, la sivyo bakuli litakuwa bwawa. Kabichi nyekundu ikatwe nyembamba kadiri mkono unavyoweza. Papai bichi, kwa aliye nalo, ni zuri kuliko yote hayo, kwa sababu linabaki gumu kidogo hata baada ya kukaa na ndimu.

Sasa chumvi, na hapa watu wana haraka mno. Weka nyuzi za zukini kwenye chujio, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa zukini mbili za wastani, changanya kwa vidole, uziache dakika 10 hadi 15. Chumvi inavuta maji kutoka ndani. Utaona nyuzi zilizokuwa zimesimama wima zikilegea na kulala, rangi ya kijani inakolea, na chini ya chujio matone yanaanza kudondoka, kwanza moja moja, halafu mfululizo. Zifunge kwenye kitambaa safi, ukamue taratibu bila kuzisaga. Maji yatakayotoka ndiyo yale ambayo yangeichujua saladi yako mezani. Karoti na papai hazihitaji hatua hii.

Mchuzi ninaoupenda ni wa siagi ya karanga: vijiko viwili vya chakula vya siagi hiyo, maji ya ndimu moja, tangawizi iliyokwaruzwa, punje moja ya kitunguu saumu, pilipili kidogo, na maji ya uvuguvugu hadi uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, maana zukini imeshachukua yake. Juu nyunyiza nanaa, majani ya giligilani na ufuta uliokaangwa kavu. Asiyekula karanga atumie mafuta ya zeituni na limau. Mafuta yasiachwe kabisa, kwa kuwa ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A inahitaji mafuta ili ifyonzwe.

Na wale wanaosema kila kibichi ni bora kuliko kilichopikwa, wanatia chumvi. Ni kweli vitamini C inapungua kwa moto na inapotelea kwenye maji ya kuchemshia. Lakini karoti iliyopikwa inatoa ile rangi yake kwa wepesi zaidi mwilini kuliko mbichi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na halikusema ziwe mbichi zote. Kula saladi hii kwa sababu ni tamu na siku ina joto.

Kuna jambo ambalo huku wametuzidi, nalo ni maji. Nafungua bomba, naosha mboga, nakula. Sifikirii mara mbili. Huko nyumbani wengi hawana uhakika huo, na ndilo linalonifanya nisipigie debe mboga mbichi bila kuangalia nani ananisikiliza. Kati ya kanuni tano za usalama wa chakula ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 2001, mojawapo ni kutumia maji na viambato salama. Kwa mboga isiyopita motoni, kanuni hiyo inabeba kila kitu. Kama maji yako si ya kuaminika, suuzia maji yaliyochemshwa na kupozwa, menya kila kinachomenyeka, osha ubao na kisu kilichogusa nyama kabla hakijagusa mboga. Kazi inaongezeka, najua. Inaniuma kwamba watu wenye mboga nzuri kiasi kile ndio wanaolazimika kuzihofia, na maji safi ya bomba ndiyo ningeyabeba kutoka huku kama yangebebeka, si mashine ya kukatia tambi.

Jokofu nalo linabadilisha hesabu. Huku naandaa mboga za siku mbili, nazifungia kwenye chombo chenye kitambaa kikavu chini, mchuzi peke yake kwenye chupa, na asubuhi nabeba vyote kazini nikachanganye mchana. Pasipo jokofu, kata inayotosha kikao kimoja tu. Ikishachanganywa isikae mezani zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 iwe saa moja. Wageni wakichelewa, acha mboga kavu chini ya kitambaa na mchuzi kando. Mwaga mchuzi wakishanawa mikono.