Jasho la Ukomo wa Hedhi na Hofu ya Kunuka Kazini

Katika mambo yanayomsumbua mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, hofu ya kunuka mbele ya wafanyakazi wenzake ndiyo inayozungumzwa kwa uchache kuliko yote, na kwa maoni yangu ndiyo inayomnyima raha hata kuliko lile joto la ghafla linalokuja na kipindi hicho. Joto humpanda, jasho likamtoka, kisha hali ikatulia. Lakini wasiwasi kwamba jirani yake wa meza amesikia harufu humkaa siku nzima, ukamfanya asithubutu kuinua mkono kikaoni, ajitenge wakati wa chakula, aingie chooni kila baada ya muda mfupi kujipulizia manukato, na hatimaye aanze kukwepa majukumu ambayo ameyamudu kwa miaka mingi. Mimi pia nimo katika kipindi hicho na nafanya kazi katika chumba chenye watu wengi, kwa hiyo nayasema haya kwa uzito wote: hofu hii imeachwa iwe shughuli ya mwanamke na sabuni yake, ilhali sehemu kubwa ya ufumbuzi wake iko kwa daktari na kwa mwajiri.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuiona, na wengi hufikia hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Hata hivyo, dalili huanza mapema zaidi, wakati hedhi ingali inakuja kwa kurukaruka, kwa sababu homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo kabla ya kupungua moja kwa moja. Kupungua huko huigusa sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi, ambayo ndiyo inayosimamia joto la mwili. Badiliko dogo la joto ambalo zamani lisingeshtua chochote, sasa huchukuliwa kana kwamba mwili umepata joto la kupita kiasi: mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka, uso na kifua huwaka, moyo huenda mbio na jasho humwagika. Tukio moja kwa kawaida huchukua dakika 1 hadi 5, na mara nyingi humwacha mtu akitetemeka kwa baridi ndani ya nguo zilizolowa. Utafiti mkubwa wa muda mrefu uliofanyika Marekani, ambao matokeo yake kuhusu jambo hili yalichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa wanawake wanaopata joto hilo mara kwa mara, nusu yao waliishi nalo kwa zaidi ya miaka 7. Ndiyo maana nakataa kabisa ushauri wa kumwambia mwanamke avumilie kwa kuwa yatapita. Miaka saba ya kazi ni sehemu kubwa ya maisha ya mtu, na mara nyingi huangukia wakati ambao ujuzi wake umekomaa na wakubwa wake wanamtegemea.

Kuhusu harufu, kuna jambo ambalo laiti kila mwanamke angeambiwa mapema. Mwili una tezi za jasho za aina mbili kuu. Zile zilizotapakaa karibu mwili mzima, ambazo idadi yake ni kati ya milioni 2 na 4, hutoa jasho ambalo ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa sana, na jasho hilo linapotoka halina harufu ya kutajika. Hilo ndilo linalomwagika usoni, shingoni, kifuani na mgongoni wakati joto linapopanda. Tezi za aina ya pili ziko hasa makwapani na sehemu za siri, na hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Nayo hayanuki yakiwa mapya, bali hunuka pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapoyavunjavunja. Sasa, tezi hizi za pili huchochewa zaidi na hisia kali kama woga, aibu na mfadhaiko kuliko joto la hewa. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyelowa kifua na mgongo kwa dakika tatu huenda hanuki hata kidogo, lakini ile hofu yake kwamba ananuka ndiyo inayoyafanya makwapa yake yatoe kile ambacho bakteria wanakitaka. Hofu huilisha harufu, na harufu ikaongeza hofu. Mtu anayeelewa mzunguko huu hupata mahali pa kuukatia.

Ugumu mwingine uko puani. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo muda wote, hivyo mtu hawezi kuwa hakimu mzuri wa harufu yake mwenyewe: anaweza kuwa na kikwapa asikijue, na anaweza pia kuwa safi kabisa huku akiwa na hakika kwamba chumba kizima kinamkwepa. Kukunja uso kwa mwenzake, dirisha kufunguliwa, mtu kuhama kiti kwa sababu zake, vyote hugeuka ushahidi. Ndiyo sababu naona ni busara kumchagua mtu mmoja wa kuaminika, awe dada, mume au rafiki wa kazini, ukamwomba akwambie ukweli bila kuupamba, na ukiambiwa hakuna harufu, uyakubali maneno hayo kwa siku hiyo. Nafahamu kwamba kuomba hivyo ni kugumu. Lakini ni kwepesi kuliko kuishi kwa kusoma nyuso za watu.

Katika yale ambayo mwanamke anaweza kuyafanya mwenyewe, ninaanza na dawa ya kuzuia jasho, kwa sababu wengi huichanganya na ile ya kuondoa harufu. Ya kuondoa harufu hupunguza bakteria na kuweka harufu nyingine juu yake, lakini jasho hutoka kama kawaida. Ya kuzuia jasho ina chumvi za aluminiamu ambazo huziba kwa muda vijitundu vya tezi, na hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kabla ya kulala, kwenye kwapa lililooshwa na kukaushwa sawasawa, kwa kuwa usiku tezi za makwapani hutulia. Anayeipaka asubuhi akiwa tayari ameanza kutoka jasho huipoteza. Kwa kikwapa kisichokubali sabuni ya kawaida, sabuni ya maji yenye benzoili peroksaidi, ile inayotumika kwa chunusi, huua bakteria wengi ikiachwa kwapani kwa dakika chache kabla ya kusuuzwa, ingawa ni lazima isuuzwe vizuri kwa sababu hufifisha rangi za nguo na taulo. Limau na magadi ya kuokea siyapendekezi, kwani huichubua ngozi ambayo katika umri huu tayari imekuwa nyembamba na kavu. Manukato juu ya jasho lililokaa nayo siyaungi mkono: hayaondoi chochote, huvuta macho ya watu kwenye jambo lenyewe, na humtesa mwenzako mwenye pumu.

Nguo zina nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Vitambaa vya poliesta hushika harufu ya jasho kuliko pamba, na wakati mwingine harufu hiyo hubaki hata baada ya kufuliwa, ikaamka upya mara nguo inapopata joto la mwili. Mwanamke anaweza kuwa ameoga vizuri akatoka nyumbani akiwa amebeba harufu ya wiki iliyopita katika blauzi yake. Kuwa na blauzi ya akiba kazini, fulana nyepesi ya ndani ya pamba inayobadilishwa mchana, na kitambaa cha kujifutia makwapa kwa maji kisha kujikausha, husaidia zaidi ya chupa yoyote ya marashi.

Kuna harufu nyingine ambazo watu huona haya kuzitaja hata kwa daktari. Estrojeni inapopungua, ngozi ya uke hukonda na kukauka, na ule uchachu wa asili unaozuia vijidudu hupungua, hivyo harufu yake ya kawaida hubadilika. Misuli ya nyonga nayo inaweza kulegea, mkojo ukavuja kidogo mtu anapokohoa au kucheka. Dawa ya hali hizi haipatikani kwa kujiosha ndani ya uke kwa sabuni au vimiminika vya manukato, jambo ambalo huwaua bakteria wa kinga na kuongeza tatizo. Estrojeni ya kupaka au ya kuweka ukeni kwa dozi ndogo, na mazoezi ya misuli ya nyonga, vina msaada wa kweli. Uchafu wenye harufu kama ya samaki, au damu yoyote inayotoka baada ya ile miezi 12, ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri.

Na hapa nataka kukaa kidogo juu ya daktari, kwa kuwa wanawake wengi humtunza mtu mwingine yeyote kabla ya kujipeleka wenyewe. Tiba ya homoni, yaani kumrudishia mwanamke estrojeni iliyopungua, ndiyo inayopunguza joto na jasho kwa nguvu kuliko tiba nyingine zote. Wengi waliiogopa baada ya mwaka 2002, pale sehemu moja ya utafiti mkubwa wa Marekani iliposimamishwa kwa sababu ya ongezeko la saratani ya matiti na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu; lakini washiriki wa utafiti ule walikuwa na wastani wa miaka 63, na uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, kwa kawaida faida huzidi madhara. Haimfai kila mtu: aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda kwa damu kwa kawaida huelekezwa kwingine, na mwenye kizazi ni lazima apewe homoni nyingine iitwayo projestojeni pamoja na estrojeni. Kwa wasioweza kuitumia zipo dawa zisizo za homoni, mojawapo ikiwa fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ambayo hutuliza zile seli za ubongo zinazowasha joto na ambayo mtumiaji wake hupimwa ini. Ipo pia tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mienendo, na hii naithamini kwa namna ya pekee, kwa kuwa hulishika lile wazo la kwamba kila mtu ananitazama na kulipima kwa utulivu, mpaka joto likija lije bila kuambatana na fadhaa. Daktari atachunguza pia kama jasho hilo lina chanzo kingine, kwa sababu jasho la usiku huweza kuletwa na kifua kikuu, tezi ya thairoidi iliyozidi kasi, au baadhi ya dawa za sonona.

Yote hayo yakifanyika, bado mwanamke huyo atarudi kwenye chumba kisicho na hewa akiwa amevaa sare ya poliesta iliyofungwa mpaka shingoni. Hapo ndipo ninapowalaumu waajiri. Nchini Uingereza, Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa mwongozo Februari 2024 ukieleza kwamba dalili za ukomo wa hedhi, zikiwa za muda mrefu na zikimwathiri mtu kwa kiasi kikubwa, zinaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu chini ya sheria ya usawa ya mwaka 2010, hivyo mwajiri kuwajibika kurekebisha mazingira. Sioni kwa nini mwajiri popote pale angoje sheria imsukume katika mambo madogo kama feni mezani, kiti karibu na dirisha, sare ya pamba na nyingine ya akiba, maji ya kunywa, na mahali pa faragha pa kubadilishia nguo. Mwenye ofisi yake anaweza kusimama na kutoka. Keshia mwenye foleni, dereva wa basi, mwalimu aliye mbele ya wanafunzi 50, muuguzi aliyevaa vazi la plastiki la kujikinga na mpishi aliye mbele ya moto hawawezi, na hao ndio wanaostahili kufikiriwa kwanza wakati ratiba za mapumziko zinapopangwa.

Zaidi ya vifaa, kuna ulimi. Nimesikia wakubwa wakilitangaza suala la usafi wa mwili katika kikao cha watu wote ili kumfikia mtu mmoja, na kila mara wanawake watatu au wanne wasiohusika ndio waliorudi nyumbani wakilia. Mwenye neno la kumwambia mwenzake amwambie peke yake, mwishoni mwa siku ili asilazimike kukaa nalo kwa muda wa saa nane mbele ya watu, kwa maneno machache yasiyotaja kwamba wengine nao wamelalamika, na ikiwezekana anayemwambia awe mwanamke mwenzake wa rika lake. Msimamizi anayepokea lalamiko kama hilo naye asikimbilie kumwita mhusika. Kwanza aingie mwenyewe katika chumba hicho saa nane mchana, aone kama madirisha yanafunguka na kama sare aliyowapa watu inapitisha hewa. Akiona kasoro hapo, airekebishe kwa wafanyakazi wote bila kumtaja yeyote, na huenda lile lalamiko lisije tena.