Joka lenu linakula nini, na nani analipia?

Nikifungua hadithi ya fantasia, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni soko. Karibu kila mwandishi analo: vibanda, makelele, harufu ya viungo, mzee mwenye jicho moja anayeuza pete iliyofungiwa jini. Shujaa ananunua pete, askari wanamfukuza, meza ya matunda inapinduliwa, basi. Hayo matunda yametoka wapi, ikiwa mji umezungukwa na jangwa mwendo wa siku kumi kila upande? Nani aliyabeba, na mbona hayakuoza? Mwandishi hana habari. Ameshakwenda kwenye unabii na upanga unaong'aa.

Mimi nasema ulimwengu wa kubuni huanza kuaminika kwenye njia zake za biashara, hata kabla ya uchawi wake. Na njia hiyo haihitaji kuwa nzuri. Inatakiwa iwe ngumu, kwa sababu ugumu ndio unaojenga miji, unaotajirisha watu na kuwagombanisha.

Tazameni Kilwa. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi mwishoni mwa mwaka, yakarudi na upepo wa kusi kuanzia Aprili. Dhahabu yenyewe ilikuwa mbali zaidi kusini: ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe ikafika pwani huko Sofala, katika Msumbiji ya leo. Chombo kilichotoka kaskazini kingeweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, kikageuza tanga ndani ya msimu. Kikijitia kwenda Sofala, kilijiweka katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi na kukaa kiporo hadi mwaka wa pili. Kwa hiyo Kilwa ikakaa katikati, ikapokea dhahabu kwa mkono mmoja na vitambaa kwa mkono mwingine. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331, mfanyabiashara alimwambia Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka hapo. Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa, lenye bwawa la pembe nane na ua mkubwa unaodhaniwa ulikuwa wa shughuli za biashara. Utajiri wote huo ulitegemea jambo moja: upepo ulikuwa haufiki mbali vya kutosha.

Sasa mwandishi wetu anampa kila mchawi mlango wa kupita kutoka mji hadi mji kwa kufumba na kufumbua, halafu katikati anaweka bandari tajiri. Tajiri kwa lipi? Nani atalala pale?

Bara nako kuna mafunzo, tena makali zaidi. Pagazi wa karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka, yaani chini ya kilo moja, na safari yenyewe ilichukua miezi. Pigeni hesabu. Angebeba chakula chake mwenyewe, angefika na gunia tupu, bila hata dhiraa moja ya kitambaa. Ndiyo maana misafara ilifuata vijiji vyenye mashamba, na ndiyo maana mwaka wa njaa ulifunga njia kuliko jeshi lolote. Ndiyo maana pia kilichoshuka pwani kwa mabega ya watu ni pembe za ndovu, si mahindi.

Kwa hiyo mtu akiniandikia msafara wa majoka mia unaovuka milima ya barafu, nauliza wanakula nini. Kama kila joka linamaliza ng'ombe mzima kwa siku, basi chini ya njia yao lazima kuwe na wafugaji. Hao wafugaji ama ni matajiri kupindukia au wanaporwa kila msimu, na kwa vyovyote vile wana jambo la kusema kuhusu mfalme. Hapo hadithi imekwisha kuanza na hatujafika hata kwenye unabii.

Halafu kuna hongo, yaani ushuru wa kupita. Ugogo, upande wa Dodoma ya leo, ni nchi kavu, na waliokuwa na visima waliwatoza wapitaji: vitambaa, ushanga, waya wa shaba. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alipopita 1871 alilalamika kweli kweli. Kwa watemi wa Ugogo mambo yalikuwa wazi: maji ni yao, na msafara wa mamia ya watu unayakausha. Na si kila malipo yalikubalika, maana ushanga uliopendwa pale ungeweza kukataliwa mbele ya safari. Kiongozi aliyenunua rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba kokoto. Linganisheni na hizo himaya za kubuni zenye sarafu moja ya dhahabu inayopokelewa kuanzia kwa wavuvi hadi kwa mazimwi!

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi hulikwepa, nami silipendi hilo. Njia hizi zilibeba watu pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tu, na mikarafuu iliyotajirisha kisiwa ilichumwa na mikono iliyonunuliwa. Soko la fantasia lenye hariri na manukato na lisilo na mtu hata mmoja aliyefika pale kwa nguvu, kwangu limefuliwa kwa sabuni nyingi mno.

Najua nitaambiwa msomaji anataka mapanga, hataki daftari la bei. Sawa. Lakini watu mia tatu wenye kiu, wamesimama mbele ya kisima kimoja na mwenye kisima amekataa ushanga wao: hapo mapanga yatatoka yenyewe, na safari hii msomaji atajua kwa nini.

Mimi kuna ulimwengu mmoja nautamani, na mwenye kuutaka auchukue. Visiwa viwili vya mbali, na upepo wa kuviunganisha huvuma mara moja kila baada ya miaka saba. Anayekwenda hukaa. Nahodha ana mke huku na mke kule, na watoto wasiowahi kuonana. Bidhaa huuzwa kwa mkopo, kwa kuwa hakuna anayeweza kungoja miaka saba bila kula, na mdaiwa akifa deni humshukia mwanawe, ambaye hamjui mdai wala sura. Mwaka wa saba unafika, matanga yanaonekana, na kijana wa miaka kumi na minne anaitwa bandarini kulipia karafuu zilizonunuliwa kabla hajazaliwa. Anasema hazikuwahi kufika. Shahidi pekee yuko kisiwa cha pili, na upepo unageuka baada ya wiki tatu.