Jini wa taa hakuwa na kikomo cha matakwa matatu

Makala yenu inaeleza kwamba jini wa taa alimpa Aladdin matakwa matatu tu. Katika hadithi aliyoichapisha Mfaransa Antoine Galland, ambaye mwaka 1709 alisimuliwa mjini Paris na Hanna Diyab, Msiria wa Aleppo, kikomo hicho hakimo kabisa: Aladdin huagiza chakula, mali na hata kasri kila anapohitaji, tena ana majini wawili, mmoja wa pete na mwingine wa taa. Matakwa matatu tunayakuta, kwa mfano, katika hadithi ya Mfaransa mwingine, mwandishi Charles Perrault, ambako mume mwenye hasira anatamani soseji igande puani mwa mkewe (na inaganda kweli), kisha analazimika kutumia takwa la mwisho kuiondoa.

Kwetu Ujiji, ambako majini hutajwa kwa tahadhari kuliko kwa tamaa, jini anayetumikia bure angewashangaza wazee wengi, kwa kuwa majini wa simulizi tulizozisikia hudai ubani, sadaka au ahadi, na ahadi ikivunjwa neema yote hutoweka. Namwomba mhariri airekebishe aya hiyo.