Pijo ya Baba na Ndege Isiyofunguka Boneti

Nilikulia Nanyuki, na huko ngurumo ikisikika mchana wa jua watu hawatazami juu kutafuta mvua, kwani wanajua ni F-5, ndege ya kivita ya jeshi letu. Kenya ilianza kupokea ndege hizo za kampuni ya Kimarekani ya Northrop mwaka 1978, na kila zilipopaa kutoka kambini vioo vya madirisha yetu vilitetemeka, naye mama akashikilia kifuniko cha sufuria bila kukatiza mazungumzo yake. Wenzangu walitaka kuwa marubani. Mimi niliyemwonea wivu alikuwa baba, kwa sababu ya Peugeot 504 yake, ambayo mtaa mzima uliiita Pijo.

Asubuhi za baridi, Pijo iligoma. Baba, mwalimu wa jiografia asiyesomea ufundi hata siku moja, alifungua boneti, akabandua kifuniko cha distribyuta, akasugua pointi kwa kipande cha msasa alichokihifadhi ndani ya kasha la kiberiti, kisha akanipigia kelele nipige stata. Ikikataa bado, tuliisukuma hadi kwenye mteremko, na mimi nikachelewa shule kwa furaha kubwa. Dereva Ove Andersson alikuwa ameshinda mbio za magari za Safari Rally kwa 504 mwaka 1975, na baba alisimulia ushindi huo kana kwamba yeye ndiye aliyebadilisha magurudumu.

Siku hizi vijana huziita F-5 zetu mikebe, nami sicheki nao. Ndege hiyo ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi zisizo na hazina kubwa: injini mbili ndogo, matengenezo mepesi, gharama inayovumilika. Tulipohitaji nyingine tulinunua zilizokwisha kutumika Jordan, na majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011 ndizo zilizotumwa kushambulia kutoka angani. Zimo pia katika kumbukumbu chungu, kwa maana siku ya jaribio la mapinduzi, Agosti 1, 1982, marubani wa Nanyuki walirushwa kwa kulazimishwa na waasi wakapige mabomu Nairobi, nao wakayaangusha msituni Mlima Kenya.

Niliyakumbuka haya yote Machi 2025, pale Ulaya ilipoingiwa na wasiwasi kuhusu F-35, ndege ya kivita ya kisasa ya Marekani, na waziri wa ulinzi wa Ureno akasema hadharani kwamba msimamo mpya wa Marekani unawalazimu kufikiri upya juu ya kuzinunua. Palizuka uvumi wa swichi ya siri ya kuzizima kutoka mbali, na Wamarekani wakaukanusha. Kwangu mimi swichi hiyo haina haja ya kuwapo, kwa sababu ndege inayotegemea vipuri, programu na data za vita zinazotayarishwa kwa sehemu kubwa Marekani itazimika yenyewe polepole, mwenye bohari akiamua tu kuchelewesha mzigo. Sibishi kwamba F-35 ingeiangusha F-5 kabla rubani wetu hajajua kuna mgeni angani. Ila nchi maskini ikiuliza bei ya ndege, ingeuliza kwanza ni nani atakayeifungua ikigoma, na kwa ruhusa ya nani.

Gari langu la sasa ni la Kijapani, lenye mota ya umeme kando ya injini. Mwaka jana liliwasha taa nyekundu na kukataa kuondoka, na fundi akaniambia hawezi kuligusa mpaka apate kompyuta ya kulisoma, ambayo ilikuwa Nairobi. Siku tatu liliegeshwa uani kwa wazazi wangu. Jioni ya kwanza baba, aliyekwisha kustaafu, alitoka na tochi, akainua boneti, akamulika lile bamba pana la plastiki lililofunika kila kitu, akaligonga kwa kidole mara mbili. Kisha akaishusha boneti taratibu, akaniuliza kama nimekula.